Gari Lilikuwa Damu ya Mzee

Mwenye pikapu ni Salat Jino. Aliyeshika usukani ni Mwiti, dereva wake. Koplo Wafula ndiye aliyemwachia Salat siku nne nzima kabla ya kwenda kuitazama hiyo pikapu. Hawa nawataja, na wakiwa na la kusema wanajua duka langu liko wapi, nyuma ya soko, mlango wa kijani. Wa nne simtaji. Nitamwita Fundi kama mji mzima wa Isiolo ulivyomwita, maana hakuna jina alilolipenda kuliko hilo. Na ni yeye ninayetaka kumsema hapa, kwa sababu kesi ya dada yangu Talaso haikuuawa na Salat. Iliuawa na picha, na hiyo picha ilitoka mkononi mwa Fundi. Mpaka leo kuna watu sokoni wananiita Mama Kahawia. Mtaelewa ni kwa nini.

Nisije nikaambiwa namchafua mzee wa watu. Nilifanya kazi kwake miaka tisa. Kila ninachojua cha kazi hii ya picha alinifundisha yeye, na sikuwa mwanafunzi rahisi. Shule niliiacha darasa la tano, na nilipoingia kwake mara ya kwanza niliingia na ufagio.

Studio zingine za mji zilipakwa waridi na bluu, ukutani maporomoko ya maji na maua ya plastiki. Ya Fundi ilikuwa kijivu. Ukuta kijivu, pazia kijivu, hata koti alilovaa mbele ya kompyuta lilikuwa kijivu. Watu walimcheka. Mama mmoja aliyeleta binti yake wa harusi alimwuliza kama amefiwa.

"Rangi ya ukuta inaruka, mama, inaingia kwa jicho," Fundi akamjibu. "Nikitengeneza picha ndani ya chumba cha waridi, kila bibi harusi nitamwona ana homa."

Kila Jumatatu alibandika kidude kwenye kioo cha kompyuta, cheusi, chenye waya, kama buibui aliyelala. Kioo kikaonyesha rangi moja moja, nyekundu, kijani, bluu, kijivu za kila namna, na kile kidude kinazipima. Dakika kumi hakuna mtu kuongea. Wateja wangoje nje. Alisema kioo cha kompyuta kina tabia ya mtu, ukikiacha bila kukikagua kinaanza kukudanganya pole pole na wewe unazoea.

Siku moja mzee wa Kisamburu kutoka upande wa Leparua alikuja kutazama picha zake, shuka jekundu begani, akainama karibu na kioo.

"Mzee, rudi nyuma kidogo," Fundi akamwambia. "Shuka yako inanipakia rangi kwa kioo."

"Shuka yangu?"

"Ndiyo. Uso wako unaonekana mwekundu hapa."

Mzee akajitazama kwenye kioo, akatazama shuka. "Uso wangu nimetoka nao nyumbani ukiwa mweusi," akasema. "Kama umekuwa mwekundu hapa, hiyo ni kazi yako."

Wateja walicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka nyuma ya pazia. Fundi hakucheka. Alivua lile koti lake la kijivu, akamvisha mzee juu ya shuka, akaendelea na kazi.

Alikuwa na jicho, hilo siwezi kumnyima. Ungemletea picha iliyopigwa na mtu mwingine, akakuambia, "Huyu alisimama karibu na turubai la bluu," na kweli ukimwuliza mwenyewe anakubali, turubai lilikuwepo. Alikuwa anasema hakuna mtu mweusi. Kuna mweusi wa bluu, mweusi wa nyekundu, mweusi wa manjano, na anayewapiga wote sawa ni bora akauze sukari.

Kulikuwa na mjane mmoja kutoka Kipsing, mumewe ameuawa huko malishoni, na picha yake pekee iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, imefifia, imekunjwa katikati ya uso. Fundi alifunga studio siku nzima kwa ajili ya ile picha. Alipofika kwenye ngozi akasimama. Akamwita yule mama ndani.

"Alikuwa mweusi wa aina gani?"

Mama hakuelewa. "Mweusi tu."

"Wa mkaa? Wa kahawa?"

Yule mama akatazama huku na huku chumbani, ukuta wote kijivu, hakuna cha kushika. Mwisho akaonyesha kiatu changu, kiatu cha ngozi nilichokuwa nimepaka rangi asubuhi ile. "Kama hicho," akasema. Fundi akanivua kiatu akakiweka mezani chini ya taa, na akakitazama kile kiatu kama mtu anayesoma barua. Picha ilipotoka labu, kule Nairobi tulikokuwa tunachapisha, mama aliikumbatia kifuani, hakuitazama mara ya pili. Fundi alikataa malipo. Alikataa mpaka akakasirika.

Basi huyo ndiye mtu. Nami nilipenda kufanya kazi kwake, sikatai.

Sasa hii habari ya profaili nitaieleza alivyonieleza yeye, maana bila hiyo hakuna atakayejua kilichotokea kortini. Nilikuwa nimemwuliza kwa nini picha ikiwa kwetu ni nzuri, na ikirudi kutoka labu ya Nairobi imekuwa nyingine. Alinituma sokoni nilete mkebe wa gorogoro na kikombe cha chai, akaviweka viwili mezani.

"Mama Guyo, nikikuambia nataka mahindi, nipimie tatu, utaniuliza nini?"

"Tatu za nini."

"Vizuri. Za gorogoro ama za kikombe. Sasa ndani ya kompyuta picha ni namba tu. Nyekundu mia mbili, kijani thelathini. Mia mbili za nini? Profaili ndiyo inasema za nini. Kamera yangu mimi inapima kwa gorogoro, kwa sababu nataka rangi yote iingie. Mashine ya labu inajua kikombe. Nikituma hivi hivi, wao wanaona namba ni ile ile, wanamimina vikombe. Rangi inafika imepungua. Nyekundu inakuwa tope. Majani yanakuwa majivu. Kwa hivyo kabla ya kutuma tunabadilisha, gorogoro iwe vikombe, kwa hesabu ya ile profaili labu wametupa, ya mashine yao na karatasi yao. Umeshika?"

"Nimeshika. Na ukisahau kubadilisha?"

"Anayesahau si fundi."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha hivyo. Ndani ya miezi miwili nilikuwa naifanya peke yangu. Kufungua picha, kubadilisha, kutazama kwenye kioo vile itakavyokaa kwa karatasi, kuinua rangi iliyozama, kuweka kwa flashi, flashi kwa bahasha, bahasha kwa basi. Mwaka wa pili haukwisha, kila faili la labu lilikuwa linapita mkononi mwangu. Fundi alipiga picha, akachagua, akakaa mbele na wateja.

Na wateja wakimwuliza, alisema, "Hiyo ya profaili naifanya mwenyewe. Hiyo haiachiwi mtu."

Mimi niko nyuma ya pazia, mkono uko kwa mausi. Sikukasirika wakati huo. Nilidhani ni maneno ya biashara.

Labu alikuwepo mtu anaitwa Gitobu, ambaye pia namtaja. Kazi yake Gitobu ilikuwa kusimamia mashine, na alikuwa na ugonjwa wa kuwapaka watu unga. Picha yoyote ya mtu mweusi ikipita kwake aliibonyeza ing'ae. Fundi aliandika juu ya kila bahasha kwa kalamu nene, USIREKEBISHE. Siku moja ilirudi harusi nzima ya Waturkana, bibi harusi amekuwa rangi ya chapati. Fundi alizirudisha Nairobi zote kwa basi lile lile, akampigia simu.

"Gitobu, uliniona mimi nimekuomba unga?"

Sauti ikasema kitu huko.

"Mteja hajalalamika kwa sababu hajaziona. Na hataziona. Chapa upya."

Wale wa harusi walingoja wiki mbili zaidi. Walikuja kumtukana mlangoni na yeye akawatazama tu. Kwa sababu ya rangi ya uso wa bibi harusi mmoja alikubali kutukanwa na ukoo mzima. Mkumbuke hilo, kwa sababu mimi nalikumbuka kila siku.

Lakini alikuwa na kasoro moja ambayo wakati ule tuliichukua kama kichekesho. Huyu mtu hajawahi kukosea. Chai ikifurika, maziwa ndiyo mabaya. Alimkata kichwa baba wa bwana harusi kwenye picha ya familia, akasema mzee ndiye aliyerefuka. Alisahau kuchaji betri, tukafika Kinna kwenye sherehe na kamera imekufa, tumebeba taa na miamvuli yote, tunatazamana. Akawaambia wenye sherehe kwamba jua la leo ni baya kwa picha, twende kesho. Na kesho yake tulikwenda! Walimngoja, wakavaa tena. Nilimwambia njiani, "Fundi, si ungesema tu betri imeisha." Akanitazama kama nimemvua nguo barabarani.

Sasa niseme ya Talaso.

Dada yangu alikuwa anauza maziwa ya ngamia. Asubuhi nilikuwa namsaidia kupokea mitungi kando ya barabara nje ya mji, kisha saa tatu naingia studio. Siku hiyo, Jumanne, tulikuwa wanawake wanne tumekaa juu ya mitungi mitupu, tunangoja gari la maziwa. Mimi, Talaso, Hawo na Kabale. Kabale alikuwa anatuchekesha habari ya mume wake na mbuzi. Pikapu ilikuja mbio kutoka upande wa mji, ikaacha lami, ikatupitia. Haikusimama. Waliokufa ni watatu. Mimi nilivunjika nyonga, nikalala pale nikiiona inarudi barabarani. Mapema asubuhi, jua liko nyuma yangu, naiona wazi. Ilikuwa damu ya mzee. Si kahawia, si nyekundu. Damu ya mzee, ile ya sweta za shule. Wachungaji wawili waliokuwa ng'ambo ya barabara walisema vivyo hivyo bila kuulizwa.

Mji mzima kulikuwa na pikapu moja ya rangi hiyo, ya Salat Jino. Lakini Koplo Wafula alipokwenda kwake baada ya siku nne, alikuta pikapu ya kahawia. Salat akatoa karatasi za gari, zimeandikwa kahawia. Na ni kweli aliinunua ikiwa kahawia, akaipaka damu ya mzee mwenyewe, hakwenda kubadilisha karatasi. Baada ya kutuua akairudisha rangi yake ya kwanza. Wafula akasema karatasi haziongopi. Wafula hakukwaruza rangi hata kwa ukucha.

Sasa, Jumamosi kabla ya hiyo Jumanne, mpwa wa Salat alioa. Ile pikapu ilibeba maharusi. Waliohudhuria wote walikuwa jamaa zake, kwa hivyo hakuna simu hata moja iliyokubali kuwa na picha. Lakini aliyeitwa kupiga picha za harusi ni Fundi. Alikuwa na picha moja safi: bibi harusi ameketi nyuma ya pikapu, mikono yenye hina magotini, nyasi za mvua kando, namba ya gari inasomeka. Wakili wa serikali aliposikia alifurahi, akasema iletwe ikiwa imekuzwa kubwa, kwa karatasi nzuri, tuione sote. Fundi akakubali. Alikuja hospitali kunitazama, akaketi kando ya kitanda, akasema, "Mama Guyo, lala. Hii picha itasema yenyewe." Nililia kwa shukrani. Nilimshika mkono nikaubusu.

Kortini niliingia kwa magongo. Picha ikafunuliwa. Ilikuwa kubwa, inasomeka namba vizuri kabisa. Na gari lilikuwa kahawia.

Watu hawajui nilichoona mimi. Wao walitazama gari. Mimi nilitazama nyasi, nyasi za wiki ya mvua, zimekuwa kijivu. Nikatazama hina ya bibi harusi, imekuwa tope. Picha nzima ilikuwa imekauka. Kwa miaka saba nilikuwa natengeneza mafaili ya labu, nilijua hiyo ni nini kama unavyojua mtoto wako kwa sauti. Faili lilikwenda bila kubadilishwa. Lilipimwa kwa gorogoro, likasomwa kwa kikombe.

Nikangoja Fundi aseme. Alikuwa amesimama pale mbele, kanzu nyeupe, kofia, mzee wa heshima. Wakili wa Salat akamwendea kwa upole.

"Mzee, wewe ni mtaalamu wa rangi. Si ndiyo? Wanasema hata Nairobi unawarudishia picha."

"Ndiyo."

"Picha zako huwa zinakosea rangi?"

"Hazikosei."

"Hii umeitengeneza wewe mwenyewe? Hukumwachia mtu?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi tuambie, mzee wangu. Hili gari ni rangi gani?"

Fundi alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaitazama picha.

"Kahawia," akasema.

Nilisimama nikapiga kelele. "Tazameni nyasi! Tazameni hina! Fundi, waambie!" Hakimu akasema mama keti ama utatolewa. Fundi hakugeuza kichwa. Nje, baada ya Salat kuachiliwa, nilimshika wakili wa serikali koti, nikamweleza gorogoro na kikombe. Alisikiliza kidogo, kisha akaniuliza, si kwa ubaya, "Mama, ulisoma mpaka wapi?" Nikamwambia la tano. Akanipapasa bega.

Nilitoka pale nikaenda studio kwa yale magongo. Nikamwambia, "Fungua faili. Hapa, kwa kioo hiki. Tumwite hakimu aone."

"Diski imekufa," akasema.

"Lini?"

"Imekufa tu, Mama Guyo."

Sikurudi tena kazini kwake, nikafungua duka langu la picha. Salat akaenda kila mahali akisema sisi wanawake tulitunga rangi ili tumkamue, na watu wakaamini, maana Fundi alikuwa amesema na Fundi hakosei. Ndipo likaanza hilo jina la Mama Kahawia. Vijana wa bodaboda wananiita nikipita. Watoto wa Talaso walilisikia hilo jina shuleni bila kujua ni mimi, wakarudi nyumbani wakacheka nalo mezani. Mimi nilisema sokoni, kwa sauti, kwamba Fundi amekula pesa ya Salat. Nilisema hivyo miaka sita na sikuwahi kuwa na shaka. Ingekuwa nini kingine? Mtu aliyerudisha harusi nzima kwa ajili ya uso mmoja.

Mwaka huu alikuja dukani kwangu. Saa nne asubuhi, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi.

"Asalaam aleikum, Mama Guyo."

"Waaleikum salaam." Salamu hainyimwi mtu.

"Nimekuja kupigwa picha. Za hija. Wanataka nyuma nyeupe."

"Kwani kwako?"

"Nilifunga. Macho haya." Akapungia mkono usoni kama anayefukuza nzi.

Nilimketisha. Aliinua kidevu kabla sijamwambia, akageuza bega kidogo, anajua taa iko wapi. Nilimpiga tatu. Nilizitengeneza mbele yake, nikazichapa kwa mashine yangu ndogo, ambayo nayo ina profaili yake. Nilidhani atazichukua aende. Hakuinuka.

Kwetu anayekwenda hija huzunguka kwanza kwa watu akiomba msamaha, asisimame kule akiwa na haki ya mtu shingoni. Nilikuwa nimesikia anazunguka. Alikuwa amekwenda kwa muuza nyama, kwa majirani, hata amempigia simu Gitobu huko Nairobi. Wiki mbili nilikuwa nangoja nione kama anaujua mlango wangu.

"Nisamehe, Mama Guyo," akasema. "Kwa yote niliyokukosea, ya kujua na ya kutojua."

"Yataje."

"Vipi?"

"Unachotaka nikusamehe, kitaje."

Akafikiri. "Nilikuwa na ulimi mkali."

"Hiyo nimesamehe."

"Nilikuwa nawaambia watu kazi ya profaili ni yangu."

"Hiyo pia. Endelea."

Mama wa nyanya nje alikuwa anagombana na mteja, tukawasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza.

"Salat alikupa nini?" nikamwuliza.

Akainua uso, na alikuwa amekasirika kweli kweli. "Salat? Salat hajanipa hata kikombe cha chai! Mimi ni mtu wa kununuliwa?"

"Basi ni nini?"

Akasema akitazama sakafu, "Wewe ulikuwa hospitali."

"Najua nilikuwa hospitali."

"Ile kazi ya kubadilisha ulikuwa unaifanya wewe. Miaka saba. Mimi nilichagua picha, nikaikuza, nikaweka kwa flashi, nikapeleka basi. Hata haikunijia akilini kuna kitu kimebaki. Iliporudi nilijua. Sijaitoa yote kwa bahasha, nilijua. Na Koplo yuko hapo mlangoni amekuja kuichukua, kesi ni kesho."

"Ungemwambia."

"Koplo?"

"Ungesema kortini. Uliulizwa. Neno moja, Fundi. Nilisahau."

"Mbele ya wale watu wote?" akasema. Na alisema kwa mshangao, kama vile ni mimi ninayeuliza jambo la aibu.

"Na diski?"

"Hiyo ilikufa."

"Fundi."

"Niliitia kwa ndoo ya maji," akasema.

Laiti angekuwa amenunuliwa. Mtu aliyenunuliwa ningejua pa kumweka, wamejaa mjini, nakutana nao kila siku na nawasalimia. Wanawake watatu wamelala udongoni, mimi naitwa mwongo na watoto wa dada yangu, kwa sababu mzee mmoja aliona haya kusema amesahau.

Nilichukua karatasi na kalamu, nikaweka mbele yake. "Andika hivyo ulivyosema. Gari lilikuwa rangi gani, na kwa nini picha ikawa nyingine. Weka sahihi. Kesi najua imekwisha. Nataka watoto wa Talaso wasome."

Alishika kalamu muda mrefu. Akaandika, mwandiko wake mzuri ule ule. Akanipa. Ilisema hivi: Nilipiga picha ya gari hilo na lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Rangi ilibadilika kwa sababu ya hitilafu ya mashine ya labu huko Nairobi. Chini sahihi.

Nilisoma mara mbili. Maneno ya kwanza nilikuwa nimeyangoja miaka sita, na yalikuwa hapo, kwa wino, na jina lake chini. Ningeweza kuikunja nikaiweka kifuani. Ningeibandika ukutani kwa Salat.

"Hii ya pili ni uongo," nikasema.

"Lakini gari nimelisema. Si ndilo ulilotaka?"

"Gitobu ana makosa yake mengi, hili si lake. Wataenda kumwuliza, atafungua daftari lake, faili lako litaonekana lilikuja vipi. Nami nitakuwa nimeongopa tena."

"Hakuna atakayeuliza."

"Fundi, nimeitwa mwongo miaka sita kwa kusema kweli. Sasa unataka nianze." Nikamsogezea karatasi. "Kata hayo ya labu. Andika nilisahau."

Aliitazama karatasi. Kalamu ilikuwa karibu na kidole chake, haikufika hata nusu ya shubiri. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimewapiga picha watu wa mji huu wote. Wazazi wao, harusi zao, maiti zao. Unataka wanikumbuke kwa faili moja?"

Alikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akainuka kwa fimbo. Aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia karatasi ziko, kalamu iko, na hija bado wiki tatu.

Alichukua picha zake mezani. Alipofika mlangoni alisimama kwenye mwanga wa nje, akazisogeza karibu kabisa na macho, moja moja, akazigeuza upande huu na upande huu.

"Rangi umepatia," akasema, akaenda.